Sindano ya Ndama

Jumatano, 2 Aprili 2025

Leo nimemdanganya daktari. Naanza na hilo nisije nikalizungukazunguka.

Timu ya madaktari wa masikio imetoka Mombasa, wamepiga hema hapa Garsen kwa siku mbili. Kadra alinipitia dukani asubuhi na mapema, tumbo lake la miezi saba mbele, binti yake Sabdio nyuma ameshika ncha ya shuka. Dada yangu haendi kwa daktari bila mimi. Kiswahili chake ni cha sokoni — bei gani, ghali, punguza — na daktari naye hajui Kiorma. Basi mimi ndiye mdomo wake. Tangu tukiwa watoto.

Wakamvalisha Sabdio vile vifuniko vya masikio. Akisikia mlio ainue mkono. Alikaa ameutazama uso wa fundi, mkono juu ya paja, anangoja. Mtoto mwenye adabu! Akangoja mpaka kipimo kikaisha, mkono haujainuka. Ana miaka saba. Mwaka jana wakati kama huu alikuwa anaitambua kengele ya kila ng'ombe wa baba yake bila kutoka nje.

Daktari anaitwa Bushra, mtu wa Kipini. Kiswahili chake kitamu mpaka unasahau anakuuliza nini. Aliuliza: mwana huyu alipata kudungwa sindano yoyote kabla ya masikio kuziba? Kadra akanigeukia, anangoja nimfasirie. Sikumfasiria. Nikajibu mwenyewe — alidungwa ya malaria tu.

Akaandika. Kisha akatutemesha mate kwenye vichupa, Sabdio, mama yake, na mimi kwa kuwa ni wa tumbo moja na mama. Anataka kuona kama kuna kitu cha ukoo. Wenzangu walitema mara moja. Mimi mate yalikataa kutoka, nikapewa maji, nikasingizia Ramadhani imenizoesha vibaya.

Alhamisi, 3 Aprili

Daftari hili naliandika Kiswahili kwa sababu Kadra hawezi kukisoma. Ndivyo nilivyo.

Haya, niandike yote. Mei mwaka jana, mafuriko. Barabara imekatika huku na huku, Garsen kisiwa. Dida, mume wa Kadra, amehamisha ng'ombe na familia kwenye mwinuko ng'ambo ya Idsowe. Mzee Awadh mwenye duka alinipakia kwenye boti na kreti ya dawa za mifugo niwafikie wafugaji huko. Nikamkuta Sabdio anaungua. Kifua kinapanda na kushuka, midomo imekauka. Zahanati imo majini. Simu haishiki. Mimi nina diploma ya afya ya mifugo, nina bomba la sindano, nina penstrepu — ile dawa nyeupe kama maziwa, kila mchungaji wa Tana anaijua kwa ng'ombe wake.

Nilisema nimepewa na nesi, penisilini ya watu. Nikaifunika chupa kwa leso. Nikamtazama mtoto kwa jicho nikamkadiria uzito vile ninavyomkadiria ndama, nikavuta dawa. Siku tano, asubuhi na jioni. Hata ndama hadungwi hivyo! Mara moja kwa siku inatosha. Lakini niliogopa asije akafa mikononi mwangu, nikaongeza.

Na akapona. Siku ya sita aliomba ugali. Dida alilia mbele yangu, mtu mzima wa Kiorma, akajifuta kwa kilemba. Akanipa mtamba. Kwetu aliyekuokolea mtoto humpi asante tupu.

Wiki ya tatu Kadra akaniambia huyu mtoto amekuwa mkaidi, anaitwa haitiki. Mimi nikajua palepale. Kwenye karatasi ya ile dawa imeandikwa, herufi ndogo kama sisimizi: yaweza kudhuru usikivu. Chuoni niliulizwa hilo kwenye mtihani. Nikalipata.

Watu wote wanasema ni homa iliyompiga masikio. Sijawahi kusema hivyo mimi. Wala sijawahi kukataa.

Jumapili, 20 Aprili

Dida amepita kununua dawa ya kupe. Kidumu mkononi. Maziwa ya ng'ombe wako, Abdia, amesema. Yule mtamba amezaa mwezi uliopita, ndama jike. Anaishi zizini kwa Dida kwa sababu mimi nina chumba kimoja nyuma ya duka, ng'ombe nitamlaza wapi, kitandani?

Anasema ana baraka, anakamuliwa na mtoto na hapigi teke. Akangoja ninywe mbele yake. Nikanywa! Nikasema matamu. Yalikuwa matamu kweli, ndilo lililonitia uchungu.

Jumatatu, 12 Mei

Bahasha ya Mombasa imekuja na basi. Kabla sijaifungua simu ikalia, Dakta Bushra mwenyewe. Nilienda kusimama stoo kati ya magunia ya chumvi ya ng'ombe.

Akaniuliza, mwanangu, waijua mitokondria? Nikasema ndiyo, kiwanda cha nguvu cha seli. Tulikariri wote hivyo. Akacheka kidogo. "Si uwongo. Lakini si kiwanda tu. Hunena." Nikamwomba anieleze.

Akasema kila seli ina mitokondria nyingi, na siku nzima hazikai kimya. Zikichoka, zikiguswa na sumu, zikikosa hewa, zinatoa ishara, na seli ikipata ishara hiyo inajirekebisha. Shida ikizidi, ishara hubadilika. Mitokondria yenyewe ndiyo inayoiambia seli: sasa kufa. Na seli hufa. Hajatoka adui nje kuja kuiua, imepewa habari na mtu wa ndani.

Kisha akasema hizi mitokondria mtu huzirithi kwa mama peke yake. Baba hana fungu. Na katika mate yetu sisi watatu ameona badiliko moja lilelile. Herufi moja tu. Mtu aweza kuzaliwa nalo, akazeeka, akazikwa, masikio mazima. Ila kuna jamii ya dawa ambazo kwa watu kama sisi huingia moja kwa moja kwenye mitokondria za seli za sikio la ndani. Zile seli zinapewa ishara ya kufa. Zikishakufa hazioti tena.

Nikauliza dawa gani. Nilijiuliza mwenyewe kwa nini nauliza. Akataja: streptomaisini, jentamaisini, na ndugu zao.

"Nakuuliza tena, mwanangu. Una hakika hakupawa hata moja?"

Mbele ya macho yangu, kwenye rafu ya stoo, chupa kumi na mbili za penstrepu, penisilini na streptomaisini ndani ya chupa moja. Nikasema nina hakika.

Akasema basi imekuja yenyewe, hutokea.

Ndani ya bahasha mna barua na kadi ngumu ya kukaa kwenye pochi. Sabdio Dida. Yeye, mama yake na watoto wote wa mama yake WASIPEWE dawa zifuatazo. Halafu chini: historia ya kupewa dawa hizi — hakuna. Hakuna! Neno langu hilo, na muhuri juu yake.

Nimeitia kadi humu, katikati ya daftari.

Jumanne, 13 Mei

Nimeenda kwao na bodaboda jioni. Walikuwa wamekaa wote, Dida, Kadra, na mama yake Dida. Chai ilikuwa tayari. Wananingojea mimi na maneno ya daktari.

Nilikuwa nimepanga kusema yote. Wallahi nilipanga! Njiani niliyarudia kwa Kiorma mpaka dereva akadhani naongea naye. Nikaanza: mna kitu kidogo ndani ya mwili, kinarithiwa kwa mama, kwetu sisi kina kasoro. Nikavuta pumzi niseme ya pili, kwamba kasoro peke yake mara nyingi haimzibi mtu masikio, kuna dawa iliyoiamsha.

Dida akauliza: yaani inatoka upande wa mama, si wetu?

Nikasema ndiyo. Upande wetu, nikasema, mimi pia ninayo, nikajigonga kifua. Nikajiona nimebeba mzigo. Mzigo gani! Hakuna aliyenitazama mimi. Wote walimtazama Kadra.

Ile ya pili haikutoka. Nikamaliza chai nikaondoka. Kadi sikuitoa, kwa sababu atakayesomewa atauliza: je, alipewa?

Ijumaa, 23 Mei

Kadra amekuja dukani peke yake, kwa miguu, na tumbo hilo. Akakaa kwenye gunia. Ameanza kujichunguza maisha yake yote. Alikula nini akiwa na mimba ya Sabdio. Aliwahi kumcheka kiziwi wa sokoni, labda ndiyo hiyo. Amesema jana usingizi ulipomchukua Sabdio alimwomba msamaha, kisha akakumbuka hata akiwa macho hamsikii.

Mimi nilikuwa napanga masanduku ya dawa ya minyoo. Nikaendelea kupanga.

Mkwe wake amebadilika, anasema. Hamtukani. Ameanza tu kumtajia Dida binti wa watu fulani wa Hola, mzima, mama yake mzima, bibi yake mzima. Dida hajibu. Kadra anasema afadhali angejibu.

Nilisema: dada, si kosa lako. Akasema najua unanipenda, Abdia.

Halafu Sabdio. Siku hizi anasoma midomo, hajafundishwa na mtu, kajifundisha. Juzi alinishika kidevu akaniinua uso. Anataka kujua kwa nini nikiongea na mama yake nainama. Kumbe nainama! Sikuwa najua. Sauti yake imekuwa kubwa, hajisikii, neno lake moja linafika mpaka barabarani.

Jumamosi, 31 Mei

Nimempigia Dakta Bushra mara mbili. Nikakata kabla hajapokea. Akapiga yeye, nikamwambia mkono uliteleza. Mara mbili unateleza?

Nimeacha kuuza penstrepu kwa mtu ninayeona ana mtoto mgonjwa nyumbani. Nawauliza: ng'ombe wangapi? Anaumwa nini? Rangi gani? Mzee Awadh amenigombeza, ananiuliza tangu lini ng'ombe anatibiwa kwa rangi.

Alhamisi, 12 Juni

Kadra amejifungua jana asubuhi. Mvulana. Amelia vizuri, ana nywele tele, vidole vyote. Jina mpaka siku ya saba.

Nimeenda na sabuni na sukari. Nikamkuta Kadra ameegemea ukuta, kifua kimelowa, maziwa yanamtoka na mtoto hayupo. Yuko kwa bibi yake, chumba cha pili, ananyweshwa kwa kijiko.

Sikuelewa mara moja. Nikamuuliza yule mama. Akanieleza taratibu, bila ubaya, kama mtu anayenieleza njia ya kwenda mahali. Ugonjwa unatoka kwa mama. Wewe mwenyewe ulituambia. Sasa kitu gani kinatoka kwa mama na kuingia kwa mtoto akishazaliwa, kama si maziwa? Hawezi kumpa mwanamke mwingine amnyonyeshe, atamwingiza mtoto kwenye udugu wa kunyonya na watu asiowajua. Basi wanamnywesha ya ng'ombe. Na wamechagua ng'ombe mwema kuliko wote zizini.

Ng'ombe gani, nikauliza. Najua ng'ombe gani.

Nikasema hapana, mama, maziwa hayahusiki kabisa, kile kitu mtoto huwa nacho tangu yai, mumnyonyeshe msimnyonyeshe. Akasema: mbona siku ile hukusema? Ulisema nusu?

Alikuwa anauliza tu. Hakuwa ananisuta. Nikasimama pale mlangoni, Dida uani anaosha kidumu, Kadra ananitazama. Ilikuwa ndiyo saa ya kusema yote. Nikasema nitampigia daktari aseme mwenyewe. Nikaondoka. Sikumpigia.

Jumamosi, 14 Juni

Mtoto anaharisha. Kadra amenipigia kwa simu ya jirani. Nikamwambia amnyonyeshe kwa siri. Anasema bibi analala naye.

Kwa siri. Ushauri wangu wa kitaalamu.

Jumatatu, 16 Juni

Hola, hospitalini. Naandika kwenye benchi la korido, saa nne asubuhi. Nikiacha kuandika nitatoka mbio nje.

Alfajiri Dida amenigongea mlango wa duka. Mtoto amepoa, hana joto mwilini, hata kijiko hakipokei, akiguswa anagumia. Tukapanda gari, Dida, mama yake, Kadra na mtoto, mimi. Na Sabdio, kwa sababu mama yake hakubali kumwacha tena na mtu.

Wamepokelewa haraka. Nesi ni Hulda, Mpokomo wa kijiji cha Wema, ana mikono myepesi. Amesema ni maambukizi kwenye damu, kwa mtoto wa siku tano si jambo la kungoja. Kwanza amemweka kifuani kwa mama yake ili apate joto. Mama mkwe akafungua mdomo, Hulda akamtazama, akaufunga. Kadra alimfunika mtoto kwa mikono yote miwili. Sijamwona na uso ule tangu azae.

Dida akauliza, Kiswahili chake kikatoka vipandevipande kwa hofu. "Sista, mtoto yangu ataishi? Nyinyi nampa dawa gani?"

Hulda akamjibu polepole ili aelewe. Tunampa dawa mbili, baba, ndizo tunazoanza nazo kwa watoto wachanga wote. Moja penisilini. Ya pili jentamaisini.

Dida akaitikia kwa kichwa. Kadra akanitazama, anangoja nimfasirie.

Miguu yangu ilinitoa nje kabla sijaamua. Nikamngoja Hulda koridoni. Alipotoka na trei nikamshika mkono — nesi! — nikamwambia asimpe ile ya pili. Akaniuliza wewe nani. Nikafungua daftari hili, nikatoa kadi, nikampa. Mwezi mzima ilikuwa humu, imeacha alama yake kwenye kurasa.

Ameisoma amesimama. Trei akaiweka juu ya toroli, mabomba yote mawili bado yamefunikwa. Wazazi wanaijua kadi hii? Nikasema hapana. Akaingia nayo kwa daktari wa zamu, Silas.

Nimewasikia kupitia mlangoni. Silas anasema penisilini ampe sasa hivi, asingoje. Ya pili isimame kwanza. Dawa ya kuchukua nafasi yake imeisha kabatini, itabidi itafutwe mjini, na mtoto huyu hana muda wa kupoteza. Anataka kuelewa. Kadi inaonya, na kadi hiyohiyo inasema dada yake hajawahi kupewa dawa za namna hii hata mara moja. Masikio yake yalizibaje basi? Ni kweli hajapewa? Nani alisema hakuna? Mwite aliyeleta kadi. Waite na wazazi, waje wote wasikie.

Dida ameingia. Amenipita, akaniwekea mkono begani, akasema Mungu akuweke, shemeji, leo tena umetusaidia. Leo tena! Kisha mama yake. Kisha Kadra na mtoto kifuani, Hulda amemshika kiwiko.

Tumebaki mimi na Sabdio kwenye benchi. Anachora ng'ombe kwenye kona ya ukurasa huu, amemwekea kengele.

Ningeweza kusema alidungwa na nesi fulani ambaye simjui, wakati wa mafuriko. Ingetosha kwa Silas. Ningeweza. Naona jinsi neno litakavyokaa vizuri.

Mlango umefunguliwa. Hulda ameita jina langu.

Nimeinamia daftari. Naandika tu. Kama mtu aliyezama, hasikii.

Ameita tena. Abdia. Sauti inafika, ninaisikia, naandika kwamba ninaisikia. Sabdio ameacha kuchora. Ameutazama mdomo wa Hulda, akanitazama mimi, akautazama tena. Ananivuta mkono, mwandiko huu unaopinda ni yeye. Amenishika kidevu. Na kwa ile sauti yake kubwa, korido nzima inageuka:

Mama mdogo, unaitwa. Husikii?